Sanduku la Watumishi wa Maiti

Kilwa Masoko
8 Julai 2024

Mama Amira,

Namba yangu umeifunga, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu kama watu wa zamani. Barua hii anakuletea kondakta wa basi, mkono kwa mkono, na yeye huyohuyo atapokea mzigo.

Mzigo wenyewe ni mdogo. Nilipoondoka hapo Mchafukoge miaka sita iliyopita nilisahau sanduku la mbao juu ya kabati la chumbani, limefunikwa kwa kipande cha zulia. Ndani mna vikaragosi vya watoto, havina thamani, nilivinunua kwa machinga. Mke wangu Sitara amejifungua mtoto wa pili na ninataka apate cha kuchezea. Usilifungue. Kamba zake nilizifunga kwa utaratibu maalumu, na wewe kitu kisichopimwa kwa yadi hukielewi. Sikulaumu, ndiyo kazi uliyoizoea.

Najua utaanza maneno. Fupisha. Mimi nimetunza ghala la makumbusho ya Jumba la Kale miaka ishirini na saba, watafiti kutoka kila pembe wakinipigia hodi, na sikuzoea kumbembeleza muuza sanda.

Bushiri Uwesu
Mtunza ghala mstaafu


Kariakoo
15 Julai 2024

Baba Amira,

Salamu hukutuma, na mimi sikupungukiwa. Hongera kwa mtoto. Namwonea huruma.

Sanduku lipo juu ya kabati, palepale. Kamba zako za utaratibu maalumu nilizikata kwa mkasi wa dukani wiki ileile uliyoondoka, wakati talaka yako ya karatasi ya daftari bado naisoma nikidhani nimekosea kusoma. Nilifikiri vyeti vya shule vya Amira umevifungia humo. Nikakuta watu.

Ishirini na wanne. Warefu kama kiganja changu. Ishirini na wawili ni wa udongo uliong'arishwa, bluu inayokaribia kijani, nao wamefungwa kitambaa toka mabegani mpaka nyayoni, miguu imebanwa pamoja. Wawili waliobaki ni wa mti, wamevaa kama kikoi na kushika viboko. Bushiri, mimi nauza sanda Kariakoo tangu Amira hajaota meno. Mtu aliyevikwa sanda nikimwona namjua. Na hawa wa bluu wamevikwa vibaya. Uso umeachwa wazi, mikono imetolewa nje kama mtu anayengoja chai, na kila mmoja kashikishwa jembe. Maiti na jembe wapi na wapi! Fundi akinifanyia kazi ya namna hiyo namtoa dukani kwa ufagio.

Na ni machinga gani huyo anayeuza vikaragosi vyenye maandishi ya ndege, macho na nyoka toka kifuani mpaka magotini? Machinga wa kuanzia hapa mpaka Msimbazi nawajua kwa majina na kwa madeni yao ya mihogo. Hata uongo siku hizi unaniandalia wa juzi, uliopoa.

Sitatia kwenye basi kitu nisichokijua. Niambie hawa ni nani.

Nasma binti Shomari


Kilwa Masoko
22 Julai 2024

Mama Amira,

Nilijua utachokonoa. Basi kaa nikufundishe, ingawa ni kupoteza wino.

Hao wanaitwa ushabti. Ni wa Misri ya kale, yapata miaka elfu tatu. Watu wa kule waliamini kwamba wakifa wanakwenda mahali penye mashamba, na mashamba hayo yanataka kulimwa. Sasa mtu mwenye hadhi, ambaye hakushika jembe akiwa hai, atalishikaje akiwa amekufa? Kwa hiyo alizikwa na vinyago. Bwana akiitwa huko kwenda kulima au kubeba mchanga, kinyago kinaitika badala yake, kinasema: mimi hapa, nitafanya. Hayo ndiyo maneno uliyoyaona kifuani. Aliyejiweza alikuwa na kimoja kwa kila siku ya mwaka, na kila kumi walikuwa na mnyapara wao, ndio hao wawili wenye viboko. Sanduku ni nyumba yao. Ndiyo maana mfuniko wake umeinuka kama paa.

Hiyo unayoiita sanda iliyofungwa vibaya ni umbo la maiti aliyehifadhiwa kwa ustadi ambao ninyi watu wa pamba na kafuri hamtaufikia hata mpewe karne nyingine.

Unauliza nilivipataje. Marehemu mkurugenzi alinizawadia nilipokuwa nastaafu. Kwa mdomo. Baina ya waungwana karatasi si lazima. Sikukueleza mwanzo kwa sababu kukueleza wewe jambo ni kulitangaza Kariakoo nzima. Mwisho wa mwezi ujao atapita hapa mgeni kutoka nje, mpenzi wa mambo ya kale, naye anataka kuviona.

Usivishike kwa mikono yenye marashi. Na zaidi ya yote visiguswe na maji.

Bushiri Uwesu


Kariakoo
31 Julai 2024

Baba Amira,

Somo lako nimelisoma mara mbili dukani, mara ya pili kwa sauti, na Kuruthumu, yule mwosha maiti wa mtaa wetu, akacheka mpaka akashikilia jora asianguke.

Miaka elfu tatu na hamjabadilika! Mtu amekufa, amelala, bado anatafuta wa kumlimia. Miaka kumi na tisa uliita "Nasma!" nami nikaitika "Abee!" Maji ya kuoga, abee. Wageni wa Jumba la Kale wanataka pilau, abee. Mama yako alipolala kitandani mwaka mzima asiweze kujigeuza, aliyemgeuza ni nani? Tofauti yangu na hawa wa bluu ni kwamba wao walijengewa nyumba yenye paa, mimi nikaandikiwa karatasi ya daftari.

Sasa nikupe habari ambayo wewe hukuiandika. Jana alikuja dukani mwanamke kavaa sare ya kwaya. Nikadhani kapotea njia.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba."

"Samahani, we ndo mama Amira? Mke wa mzee Bushiri wa ghala?"

"Nilikuwa."

Akakaa juu ya jora akaanza kulia, na kitambaa cheupe kinashika machozi, lakini sikuwa na moyo wa kumwinua. Ni Scholastika, mke wa Theophil, yule kijana wa Masasi uliyemwachia funguo za ghala. Ukaguzi umepita Jumba la Kale. Sanduku namba mia moja na kumi na nane halipo, na vilivyomo havipo, na kwenye karatasi za makabidhiano kuna saini ya Theophil kwamba alilipokea. Wamemsimamisha kazi. Yuko nje kwa dhamana. Hukumu ni mwezi wa tisa.

"Mama, Theo hata peni ya ofisi anairudisha," aliniambia. "Wakimfunga mi nafanyaje? Mzee si anajua vitu vya mle ndani? Akisema neno moja tu watamsikiliza. Naomba namba yake mama."

Nikamwambia namba yako nimeifunga, na hilo ni kweli. Nikarudi nyumbani nikapanda kiti. Kwenye mfuniko wa sanduku, upande wa ndani, kuna namba kwa rangi nyeupe. Sina haja ya kuitaja.

Mkurugenzi alikuzawadia, eti. Marehemu wa watu hawezi hata kukukanusha. Waandikie Jumba la Kale, leo hii, kabla hujala.

Nasma


Kilwa Masoko
7 Agosti 2024

Nasma,

Kwanza punguza ukali, barua hizi zinapita mikononi mwa kondakta.

Huyo Theophil amejitakia. Siku ya makabidhiano nilimwekea mezani orodha ya kurasa arobaini. Mtu mwenye akili angesema, mzee, tufungue sanduku moja moja. Yeye aliona haya kunikagua mimi mbele ya macho yangu. "Mzee wangu, wewe ukisema lipo, lipo," akasaini kurasa zote kabla chai haijapoa. Heshima ya namna hiyo ni ujinga uliovaa kanzu, na ujinga una adabu yake. Mimi sikumshika mkono. Na sanduku lile, kwa taarifa yako, lilikaa ghalani miaka thelathini bila mtu kuliulizia. Aliyelifuta vumbi ni mimi. Aliyejua linaitwaje ni mimi. Kama kuna haki duniani lilikuwa langu kuliko la yeyote.

Sasa nisikilize, maana sirudii. Nitamtuma mgeni wangu kwako. Mpe vinyago vyote ishirini na vinne. Sanduku tupu mpelekee huyo mwanamke wa kwaya, umwambie Theophil mwenyewe alikuja kukuwekesha zamani na wewe hukujua kilichomo. Nani atamshuku muuza sanda? Watakuamini kwa sababu hawatakutegemea uwe na akili ya kutunga.

Ukikataa, kumbuka jambo moja. Sanduku halipo Kilwa. Liko chumbani kwako miaka sita. Wakija watakukuta nalo wewe.

Bushiri


Kariakoo
15 Agosti 2024

Bushiri,

Mgeni wako asijisumbue na nauli. Sanduku ni tupu, tena ni tupu tangu mwaka uliooa Sitara.

Nilipowakuta wale watu sikujua Misri wala mashamba yake. Nilichoona ni viumbe wamevikwa sanda na hawajazikwa, wamelala juu ya kabati, nami nalala chini yao. Sikupata usingizi. Nikamwita Kuruthumu. Kwanza alidhani ni uchawi ulioniwekea, akasoma anachokijua, akatema mate pembeni. Kisha akamchukua mmoja akamtazama karibu na dirisha.

"Shoga," akasema, "hawa wamefungwa hovyo, lakini wamefungwa. Aliyefungwa hakai juu ya kabati."

Tulikubaliana si maiti, na hatukuwaswalia, tusije tukaingia makosani. Lakini Kuruthumu hawezi kuzika kitu bila kukiosha, mikono yake haijui. Aliwaosha mmoja mmoja kwa maji ya majani ya mkunazi, akianza upande wa kulia, na maji ya mwisho akatia kafuri. Wale wanyapara wako wawili wa mti walitoa rangi yote kwenye beseni, maandishi, macho, kikoi na viboko. Wakabaki vijiti. Namba nyeupe za nyayoni alizisugua kwa kumbi la nazi akidhani ni uchafu.

Mimi nikakata sanda kwenye mabaki ya jora. Tulibishana kidogo, maana mwanamume ni vitambaa vitatu na mwanamke ni vitano, na wale hawakutusaidia kujua. Tukakata vitatu. Nyuso tukazifunika. Mikono ikaingia ndani inavyotakiwa, na yale majembe yakaingia nayo, ingawa yalimuudhi sana Kuruthumu. Halafu tukawazika uani kwa marehemu mama yangu, nyuma ya Msimbazi, chini ya dirisha la jikoni, safu tatu. Sanduku nikalirudisha juu ya kabati kwa sababu sanduku halina roho na lilinifaa kuwekea sindano.

Hivyo ndivyo tulivyohifadhi, sisi wa pamba na kafuri.

Nimekwenda na Scholastika kwa wakili wao. Tutawafukua Jumamosi ya tarehe thelathini na moja, na mpelelezi atakuwepo. Kaburi halifukuliwi bila mwenyewe kuwepo, hilo hata wewe unalijua. Njoo usimame pale, utamke kwa mdomo wako kwamba wewe ndiye uliyewatoa ghalani. Basi la asubuhi linafika hapa saa sita mchana na tutakungoja. Ukija mwenyewe nitakuwa nimebakiwa na neno moja zuri la kumwambia Amira juu ya baba yake. Kwa sasa sina.

Nasma binti Shomari


Kilwa Masoko
19 Agosti 2024

Mliosha?

Kwa maji? Vitu vilivyokaa kwenye mchanga mkavu toka enzi za wafalme, mkavitia kwenye beseni la plastiki na majani ya mkunazi? Nimesoma barua yako nikapiga ukelele, na Sitara akadhani kuna msiba. Upo. Wezi wa makaburi miaka elfu tatu walishindwa, wakaja wanawake wawili wa Kariakoo na kumbi la nazi.

Mgeni nimemwambia asije. Jumamosi sitakuja, presha imepanda. Mimi sikuleta sanduku lolote nyumbani kwako, na anayesema nililileta athibitishe. Usiniandikie tena.

B.


Kariakoo
10 Septemba 2024

Baba Amira,

Umenikataza kukuandikia. Hii ni ya mwisho, na wito wa polisi unakuja nyuma yake kwa njia yake.

Tulikungoja mpaka saa saba. Theophil ndiye aliyesema tukungoje zaidi, eti huenda basi limeharibika njiani. Mpaka siku ile bado alikuita mzee wangu. Tukaanza bila wewe.

Wale wanyapara wawili mchwa wamewamaliza. Tulifungua sanda tukakuta unga. Ishirini na wawili wa bluu walitoka wazima, wanang'aa. Mtaalamu wa Jumba la Kale, kavaa glavu mpaka kwenye viwiko, aliguna kila alipofungua sanda kama mtu anayekuta nywele kwenye wali. Kuruthumu akamuuliza kama ana kazi nzuri zaidi ya ile aonyeshe. Akanyoosha mkono apewe sanda inayofuata.

Ulisema anayekutaja athibitishe. Nilimpa mpelelezi barua zako nne. Ni mama wa makamo, mpole. Alisoma palepale uani, amesimama, na alipofika kwenye kurasa arobaini na chai isiyopoa akamtazama Theophil, halafu akairudia tena. Umejivuna kwa maandishi, Bushiri, na saini juu. Jana wakili kapiga simu. Kesi ya Theophil inaondolewa.

Ningependa kuishia hapa nikiwa nimekucheka. Siwezi.

Mpelelezi alikunja barua akaniuliza, "Mama, katika miaka yote hii, huyu kijana hakuwahi kuja kukuulizia mzigo huu?"

Theophil alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu. Nilijua hakuwa amemwambia mtu, wala mkewe, wala wakili. Alikuwa amenifichia.

Alikuja, Bushiri. Mwaka 2021, alipogundua mara ya kwanza kwamba sanduku halipo, hakwenda kwa wakubwa, alikuja kwangu ili lisikuaibishe. Alinipa shikamoo mlangoni akavua na viatu, dukani! Nikamnunulia soda. Akaniuliza kwa kuzunguka, kama anaomba msamaha, je, mzee hakuacha mzigo wowote wa kazini? Nikamwambia, "Hapana mwanangu, hakuacha kitu." Nilijua kabisa ni ule wa juu ya kabati. Lakini wiki mbili mbele familia ya Abdulatif ilikuwa inaleta mahari ya Amira, na sikutaka waje kwenye nyumba ambayo baba wa bibi harusi ni mwizi. Wewe uko Kilwa unalala, mimi nimekaa hapa nakujibia. Akanishukuru. Akamaliza soda akaenda, na hakutafuta tena, kwa sababu nilikuwa mama na nimesema hakuna.

Nikamwambia mpelelezi: alikuja, na nilimwambia hapana. Scholastika alikuwa amenishika mkono toka asubuhi. Aliuachia.

Nimekudharau kwa barua tatu na hii ni ya nne, na sifuti hata neno moja. Lakini wewe ulimwibia kijana yule kwa sababu ulimwona mjinga. Mimi nilimpenda, nikamwita mwanangu, nikamtosa na soda mkononi. Mambo haya mawili nimeyapima usiku kucha na langu haliwi dogo. Linaniuma kuliko talaka yako.

Jana alasiri nilikwenda kwao, Jangwani. Alikuwa kibarazani anasafisha viatu vya kazini, maana wamemwambia arudi leo. Nilitangulia kumsalimu mimi, mkubwa. Nikasema, "Theophil mwanangu, habari za hapa?" Alisikia, kwa sababu brashi ilisimama. Kisha ikaendelea. Nikamsalimu mara ya pili, kwa jina. Hakuitika.

Nilibaki nimesimama pale uwanjani, majirani wananiangalia, mpaka Scholastika akatoka ndani akasema, "Mama, nenda tu nyumbani."

Nikaenda.

Nasma